Popo wa Pemba: Mnyama wa Usiku Aliye Katika Dhamana ya Wananchi

Katika kisiwa cha Pemba anaishi mnyama ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Mnyama huyo ni popo mkubwa alaye matunda, ambaye wataalamu humwita Pteropus voeltzkowi na wananchi humwita popo wa Pemba. Hayupo Unguja, wala Bara, wala katika nchi yoyote jirani. Endapo atatoweka Pemba, atakuwa ametoweka ulimwenguni, na hapatakuwa na mahali pa kumtoa ili arejeshwe.

Maelezo yafuatayo yanakusudiwa kuwapatia watumishi wa Serikali, masheha, walimu na wananchi wote taaluma juu ya mnyama huyu: alivyo, anavyoishi, sababu zilizomfanya akaribie kutoweka katika miaka ya 1980, na namna alivyookolewa. Ni vyema ikaeleweka tangu mwanzo kwamba popo huyu hakuokolewa kwa uzio wala kwa askari. Aliokolewa kwa uamuzi wa watu wanaoishi karibu naye, na kuendelea kuwepo kwake kunategemea uamuzi huo huo.

Umbile na tabia zake

Popo si ndege, ingawa ana mbawa na huruka. Ni mnyama mwenye manyoya, azaaye mtoto na kumnyonyesha. Popo wa Pemba ana manyoya ya rangi ya hudhurungi iliyochanganyika na dhahabu, na mbawa, masikio na pua yake ni nyeusi. Akikunjua mbawa zake, upana wake hufikia karibu mita 1.6, ingawa uzito wake ni kiasi cha nusu kilo tu. Uso wake umechongoka mfano wa mbwa mdogo, na macho yake ni makubwa.

Macho hayo ndiyo yanayomtofautisha na popo wadogo walao wadudu, ambao hulala katika mapaa ya nyumba na katika mapango. Popo wadogo hutafuta njia yao gizani kwa kutoa sauti na kusikiliza mwangwi wake. Popo wa Pemba hatumii mwangwi. Yeye huona, na hunusa matunda yaliyoiva kutoka mbali. Kwa sababu hiyo hahitaji pango. Maisha yake yote ni juu ya miti.

Mchana hujikusanya pamoja na wenziwe katika miti mirefu, wakaning'inia vichwa chini, kila mmoja amejifunika kwa mbawa zake. Mahali hapo pa kulala katika maelezo haya pataitwa malalo. Malalo mamoja yanaweza kuwa na popo makumi, mamia au zaidi ya elfu moja. Baada ya Magharibi huanza kuondoka, mmoja mmoja na makundi kwa makundi, kwenda kutafuta chakula, na hurudi kabla ya kupambazuka. Popo hawa hupenda kurejea katika miti ile ile, na kwa hivyo mti mmoja unaweza kuwa malalo kwa miaka mingi.

Jambo la kuzingatiwa sana ni kwamba popo huyu hazai kwa wingi. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja, na humbeba kifuani mwake katika siku za mwanzo. Jike mwenye kunyonyesha akiuliwa, mtoto naye hufa. Kwa hivyo idadi yao ikipungua hurejea polepole sana.

Asili yake kisiwani

Kisiwa cha Pemba kimetengwa na Bara kwa mlangobahari wenye kina cha mamia ya mita. Unguja iko katika maji ya kina kidogo, na zamani, wakati maji ya bahari yalipokuwa chini, iliungana na Bara. Pemba imekaa peke yake kwa muda mrefu zaidi, na hii ndiyo sababu ya kuwa na miti, ndege na wanyama ambao ni wake peke yake.

Jamaa wa karibu wa popo wa Pemba hawapo katika bara la Afrika kabisa. Wapo katika visiwa vya Bahari ya Hindi, vikiwemo Mafia, Komoro, Madagaska, Mauritius na Shelisheli, na kutoka huko wameenea hadi Asia, Australia na visiwa vya Pasifiki. Popo wa Pemba aliingizwa katika vitabu vya elimu ya wanyama mwaka 1909, na jina lake la kitaalamu lilitokana na Alfred Voeltzkow, mtaalamu wa Kijerumani aliyefanya utafiti wa viumbe kisiwani Pemba mwanzoni mwa karne ya 20.

Chakula chake na faida yake

Popo wa Pemba hula matunda, maua na majani. Katika msitu hupenda matunda ya mikuyu na jamaa zake. Katika mashamba na viambo hula maembe na mashelisheli, na hunywa utamu wa maua ya msufi. Hali yake ya kula ndiyo inayomfanya awe na manufaa. Matunda mengine huyatafuna akameza maji yake na kutema makapi pamoja na mbegu. Mbegu ndogo, kama zile za mikuyu, hupita tumboni mwake na kuanguka pamoja na kinyesi wakati akiruka. Katika kunywa utamu wa maua, chavua hushika kwenye manyoya yake akaihamishia kwenye mti mwingine.

Kwa njia hiyo popo hupanda miti usiku bila ya kuajiriwa. Ndege wengi hawavuki eneo lililo wazi wakiwa na mbegu, lakini popo huvuka makonde, mabonde ya mpunga na hata maji ya bahari baina ya visiwa vidogo. Katika kisiwa ambacho msitu wake wa asili umebaki vipande vipande, kazi hiyo ina thamani kubwa, kwani ndiyo inayoviunganisha vipande hivyo.

Msitu ulivyopungua

Hapo kale sehemu kubwa ya Pemba ilikuwa ni msitu. Mabadiliko makubwa yalikuja katika karne ya 19 pamoja na kilimo cha karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo tegemeo kuu la zao hilo. Msitu ulikatwa ili kupisha mikarafuu, na baadaye ili kupisha minazi, mihogo, mpunga na makaazi ya watu.

Msitu mkubwa wa asili uliobaki ni ule wa Ngezi, katika ncha ya kaskazini-magharibi ya kisiwa, Wilaya ya Micheweni, wenye hekta zipatazo 1,440. Ndani yake bado imo mivule na miti mingine mirefu ya msitu wa mvua. Nje ya Ngezi, miti mirefu imebaki katika mabonde, katika mikoko ya pwani, katika visiwa vidogo na, jambo lenye umuhimu wa pekee, katika maeneo ya makaburi ya zamani.

Wazee wa Pemba hawakuwa na desturi ya kukata ovyo miti ya makaburini. Kwa heshima hiyo kwa waliotangulia, vichaka vya miti mikongwe vilibaki katikati ya viambo na mashamba ya karafuu. Popo walipokosa msitu walihamia huko. Hivyo, bila ya kukusudia, heshima ya watu kwa makaburi yao ikawa ni hifadhi ya mnyama ambaye wakati huo hakuna aliyefikiria kumhifadhi.

Uwindaji na khatari ya kutoweka

Popo wa Pemba aliwindwa kwa ajili ya kitoweo kwa vizazi vingi. Zana za zamani zilikuwa hazichukui wengi kwa siku moja, na popo waliweza kuongezeka tena. Hali ilibadilika pale bunduki zilipoanza kutumika. Kwa kuwa popo hulala kwa mamia katika mti mmoja, risasi chache za marisau zinaweza kuua na kujeruhi wengi kwa dakika moja, na waliobaki hukimbia na kuyahama malalo yao.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu waliotembelea kisiwa waliona popo wachache mno, na ikahofiwa kwamba siku zao zimekwisha. Tangu mwaka 1990 popo wa Pemba yumo katika Jadweli la Pili la Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Viumbe Walio Hatarini, na mwaka 1996 popo wa Pemba aliwekwa katika Orodha Nyekundu ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile katika daraja la wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Khofu hiyo haikuwa ya kubuni. Katika visiwa vya Mauritius na Reunion palikuwa na popo mdogo wa jamii hii ambaye alitoweka katika karne ya 19 kutokana na kuwindwa na kukatwa kwa misitu. Katika kisiwa cha Guam, Bahari ya Pasifiki, popo wa mwisho wa aina yake aliyejulikana aliuliwa na wawindaji mwaka 1968, na tangu hapo hakuonekana mwingine. Karibu zaidi, katika visiwa vya Nzwani na Mwali nchini Komoro, yupo popo mkubwa mweusi ambaye idadi yake yote haifiki 2,000, na miti anayolalia inaendelea kukatwa. Pemba ingeweza kuingia katika orodha hiyo.

Namna alivyookolewa

Mwaka 1995 ulifanywa utafiti wa kuwahesabu popo katika kisiwa kizima, na ikakadiriwa kwamba wamebaki kati ya 4,600 na 5,500. Idadi hiyo ilikuwa kubwa kuliko ilivyohofiwa, lakini ilikuwa ndogo kwa mnyama azaaye mtoto mmoja tu. Kazi ya kuelimisha ikaanza, ikiendeshwa na idara ya Serikali inayoshughulikia misitu kwa msaada wa shirika la Fauna & Flora International la Uingereza. Watu wa viambo vilivyo karibu na malalo walikutanishwa, klabu za kulinda popo zikaanzishwa, na wanafunzi wa skuli wakafundishwa habari zake.

Mwaka 1996 ilipitishwa Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu ya Zanzibar, Nambari 10 ya mwaka huo. Sheria hii iliweka msingi wa ulinzi wa misitu na wanyama pori, na pia ilitambua makubaliano baina ya Serikali na jamii, ili wananchi wenyewe wawe wasimamizi wa misitu yao.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Kidike, kaskazini ya mji wa Chake Chake. Hapo popo hulala katika miti iliyo karibu na makaazi ya watu, na wanakijiji ndio wanaoilinda. Wageni hufika kuwatazama popo wakiwa mitini, hulipa kiingilio, na kijiji hufaidika kwa mapato hayo. Katika kisiwa kidogo cha Makoongwe, karibu na Mkoani, nako kuna malalo yanayojulikana kwa wageni.

Matokeo yalionekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikadiria kwamba popo wa Pemba walikuwa wamefikia zaidi ya 18,000, yaani zaidi ya mara tatu ya idadi ya mwaka 1995. Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile nalo lilimtoa katika daraja la hatari kubwa kabisa na kumweka katika daraja nafuu zaidi, ingawa bado ni daraja la wanyama wanaohitaji ulinzi.

Malalamiko ya wenye miti ya matunda

Si haki kueleza faida za popo bila ya kueleza hasara. Mwenye mwembe au mshelisheli anayeamka asubuhi na kukuta matunda yaliyotafunwa chini ya mti ana sababu ya kulalamika. Watumishi wanaopokea malalamiko kama hayo hawana budi kuyasikiliza kwa makini na si kuyapuuza, kwani mwananchi aliyepuuzwa ndiye atakayekwenda kutafuta mwenye bunduki.

Hata hivyo kuua si dawa. Nchini Mauritius, kwa kuitikia malalamiko ya wakulima wa lichi na maembe, popo wa huko waliuliwa kwa makumi ya maelfu kwa amri ya Serikali katika miaka ya 2015 na 2016. Mavuno ya matunda hayakuonekana kuongezeka kwa sababu ya mauaji hayo, na mwaka 2018 popo hao walipandishwa daraja la hatari. Njia zilizothibitika kuwa na manufaa ni za kawaida: kuchuma matunda yanapokomaa kabla ya kuivia mtini, kuipunguza miti ya matunda urefu ili iweze kuchumwa na kufunikwa, na kuifunika kwa nyavu zilizovutwa vizuri ili popo asinase ndani yake. Aidha, kupanda miti ya mwituni pembezoni mwa mashamba huwapa popo chakula kingine.

Khofu na tahadhari za afya

Mwaka 1995, mwaka ule ule wa kuhesabiwa popo, kulienea Pemba na kisha Unguja na mwambao wa Bara khofu ya shetani aitwaye popobawa. Jina hilo limetokana na popo na bawa lake, lakini mnyama anayeelezwa hapa hana uhusiano wowote na habari hizo. Popo wa Pemba haingii majumbani, hanyonyi damu wala hamwendei mtu. Wazazi na walimu wanashauriwa kuwaelewesha watoto tofauti hiyo, ili mnyama asiteswe kwa kosa lisilo lake.

Kwa upande mwingine, ni kweli kwamba popo, kama wanyama wengine wa mwituni, wanaweza kuwa na vijidudu vya maradhi. Tahadhari zinazotakiwa si nzito. Popo asishikwe kwa mikono mitupu, awe hai au amekufa. Tunda lililotafunwa na popo lisiliwe, na matunda yaliyookotwa yaoshwe vizuri. Mtu aliyeng'atwa au kukwaruzwa na popo aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila ya kuchelewa. Kuwakata popo au kuchoma miti yao hakupunguzi khatari ya maradhi. Huwatawanya popo na kuwasogeza karibu zaidi na watu.

Yaliyobaki mbele

Mafanikio yaliyoelezwa hayana uthabiti wa kudumu. Kwa mujibu wa sensa, wakaazi wa Pemba walikuwa zaidi ya 400,000 mwaka 2012 na zaidi ya 540,000 mwaka 2022. Watu wanahitaji viwanja, kuni, mbao na barabara, na ardhi ya kisiwa haiongezeki. Malalo mengi yako nje ya msitu uliohifadhiwa, katika ardhi za viambo, makaburi na mashamba. Mti mmoja mkubwa ukiangushwa kwa msumeno wa moto, kazi ya asubuhi moja, popo mamia hukosa mahali ambapo wao na wazazi wao wamekuwa wakilala kwa miaka.

Kwa hivyo maafisa wanaoshughulikia ardhi, ujenzi na barabara katika wilaya nne za Pemba wanashauriwa kuuliza, kabla ya kupitisha ramani au kibali, iwapo katika eneo hilo pana malalo. Masheha, ambao wanaijua kila sehemu ya shehia zao, wana nafasi ya kwanza ya kutoa taarifa kwa maafisa wa misitu pale miti ya malalo inapotaka kukatwa au popo wanapopigwa. Walimu wanaweza kuwachukua wanafunzi wao wakati wa jioni, wakasimama kwa utulivu mbali kidogo na mti na kuhesabu popo wanaotoka. Hesabu kama hiyo ikiandikwa kila mwaka huwa ni kumbukumbu yenye thamani kwa Serikali. Wananchi wanaombwa wasiwashitue popo mchana kwa kelele au mawe, hasa wakati majike wana watoto.

Wazee waliacha miti ya makaburini isimame, na kwa kufanya hivyo walimwachia kila aliyekuja baada yao mnyama ambaye nchi nyingine hazina. Kizazi cha miaka ya 1990 kilipewa nafasi ya kumpoteza au kumlinda, na kikachagua kumlinda. Dhamana hiyo sasa imo mikononi mwa wakaazi wa Pemba na watumishi wanaowahudumia, na itapimwa kila pale mtu atakaposimama na shoka chini ya mti wenye popo.